Kasia la Walter

Monari wa mizani hakuwahi kushuka kwenye lori bila neno jipya. Wiki hii kiwanda kinachukua samaki wote, wiki ijayo kinachukua nusu, wiki inayofuata hakitaki mbuta mdogo, na watu hawajamaliza kunung'unikia habari ya mdogo, kumbe hakitaki mkubwa pia. Kila neno alilitangaza kwa furaha ileile, kama mtu anayeita wageni harusini, kisha akatundika mizani nyuma ya lori na kuuliza nani wa kwanza. Joash, nahodha wa boti iliyoitwa Nyar Suba, alikuwa amefikia hatua ya kuichukia hata kofia yake.

Mambo yaliharibika mwaka ule wa mvua za El Nino, tisini na nane. Kipindupindu kiliingia vijiji vya ziwani, habari zikafika Ulaya, na Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wabichi wa huku kwetu. Kiwanda kimoja cha Migori, ambacho lori lake ndilo lililofika ufuo wetu karibu na Kisegi, kikabaki na vyumba vya barafu vilivyojaa hadi darini. Ndipo kikaleta kitu ambacho ufuo mzima ulikiita kipimo. Kila boti iuze kilo kadhaa kwa siku, basi. Hakuna aliyekatazwa kuvua. Ukizidisha, ziada ni yako, kaa nayo, itafune na miiba yake. Kuwauzia akina mama wa sokoni Kisegi? Sokoni kila meza ilikuwa na samaki hao hao, na nzi walikuwa wengi kuliko wateja.

Kama kipimo kingekuwa kimoja, watu wangekizoea. Mtu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu. Lakini kile kilipanda na kushuka kama homa. Wenye boti wakachoka, wakawatuma manahodha wakaulize ni nani anayekiamua. Joash alikwenda pamoja na Nicanor, mmoja wa watu wa boti yake, mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia. Homa Bay, ofisa wa samaki aliwaambia serikali haina kipimo chochote, waende kiwandani. Wakaenda Migori. Mlinzi wa lango la kiwanda hakufungua hata kitasa. Aliwaambia meneja mwenyewe anasubiri simu kutoka Ulaya.

"Basi tupe hiyo namba," Nicanor akamwambia. "Mimi Kizungu nina kidogo."

Mlinzi hakucheka. Walirudi nyumbani na vumbi la Migori kwenye suruali, na siku waliyofika kipimo kilikuwa kimeshuka tena.

Nyar Suba ilikuwa na watu wanne. Joash alishika usukani. Nicanor alivuta nyavu, na pembeni yake alivuta Zablon, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa ndani ya boti hiyo tangu ilipopakwa lami ya kwanza. Wa nne alikuwa Walter, ndugu mdogo wa Liz, mke wa Joash. Walter hakuzaliwa ziwani. Kwao ni upande wa Rongo, kwenye mahindi na miwa, na maji mengi aliyoyajua ni ya mtoni. Joash ndiye aliyekwenda kumchukua. Alisimama uani kwa mama mkwe wake, kwa adabu zote, akasema: "Nipeni huyu. Nitamfanya mvuvi, na hatalala njaa nikiwa hai." Akamfundisha kusoma upepo, kushona nyavu, kutapika bila kuachia kamba. Akamchongea kasia la mvule kwa mikono yake mwenyewe, akilipima kwenye kwapa la kijana hadi likamkaa sawasawa.

Hilo la kasia halikuwa jambo dogo. Kwenye ufuo ule kila mvuvi ana kasia lake, na hakuna anayegusa la mwenzake. Makasia hulala ndani ya boti, kila moja mahali pa mwenyewe, na kwa hiyo kila mtu anayepita anajua nani ni wa boti ipi. Nahodha akitaka kumwachisha mtu, hamwiti, hamkemei, hamwambii neno. Hulitoa kasia lake na kulisimamisha mchangani, mpini chini, bapa juu. Mwenyewe akija akalikuta hivyo, hulitia begani na kuondoka, na hakuna anayemuuliza. Wazee waliona hiyo ndiyo heshima, kwamba watu waliovuta wavu mmoja wasitupiane maneno mabaya. Kasia lililosimamishwa halirudi kwenye boti ile kwa mkono wa aliyelisimamisha. Akitaka mtu wake tena, ni lazima amfuate alipo, amwombe, na mtu mwenyewe alirudishe kwa mkono wake. Wachache sana walirudi.

Mama Helen, mwenye boti, alikuwa na duka la vitambaa Kisegi na hakuwa na muda wa mambo ya heshima. Alimwita Joash dukani, akasema huku akikunja kanga, "Boti yangu sasa inavua ya watu wawili na inalisha wanne. Punguza mmoja. Ni nani, hiyo ni kazi yako, si yangu."

Kwa hiyo Joash alitembea na neno hilo tumboni kama aliyemeza kokwa. Zablon hakuguswa, huyo alikuwa wa boti kabla ya Joash mwenyewe. Nicanor alivuta kama watu wawili. Aliyebaki ni aliyeingia mwisho, na ufuo mzima ulijua hesabu hiyo. Tayari walikuwa wameanza kuiita Nyar Suba boti ya mashemeji, wakisubiri kuona kama Joash atamfukuza mtu wa watu ili ambakishe wa nyumbani. Alikuwa amepiga moyo konde mara ya kwanza, na asubuhi hiyo Monari akashuka akitangaza kwamba kipimo kimepanda. Joash akamshukuru Mungu. Juma lililofuata kikashuka, akapiga moyo konde tena, kikapanda tena. Kama kingeshuka na kubaki chini, angefanya lililo lazima na kulia mara moja. Kile kipimo kilimchezea. Kilimpa matumaini, na matumaini ndiyo yaliyomchosha kuliko njaa.

Ndipo boti zote zikaingia kwenye ujanja wa kufuga. Mbuta akivuliwa mzima, hupitishwa kamba mdomoni na kufungwa kwenye mti uliochomekwa majini, kati ya mafunjo, aogelee hapo kama mbuzi wa kamba. Leo ukizidisha kipimo, ziada unaifunga. Kesho kipimo kikipanda, au ukikosa, unakwenda kufungua. Joash na wenzake walikuwa na miti yao kwenye ghuba ndogo iliyokingwa na mawe, na Walter ndiye aliyepewa kazi ya kuwatazama. Aliwapenda wale samaki kiasi cha kuchekesha. Mmoja mkubwa mwenye kovu alimpa jina la mlinzi wa Migori, kwa sababu alikuwa mnene na hakufungua mdomo kwa mtu.

Siku moja alasiri Walter alikuja mbio, suruali imelowa hadi kiunoni.

"Shemeji, upepo umegeuka. Magugu yanakuja. Tuwatoe leo, tuwahamishe upande wa pili."

Magugu ya ziwa, yale yenye maua ya zambarau, yalikuwa yameenea miaka hiyo kama laana. Yalitembea na upepo, eneo zima la kijani lililoshikamana, na mahali yalipolala maji yalikosa hewa. Joash alisimama akatazama. Aliona ukanda wa kijani, mbali bado. Alijua pia kwamba kumhamisha samaki aliyefungwa ni kumchosha, na samaki aliyechoka hufa njiani, na Monari hanunui mfu. Na Monari alikuwa ametupa neno asubuhi hiyo, kwamba huenda kesho kipimo kikapanda.

"Waache," Joash akasema. "Kesho tunawauza wote pale pale. Upepo huu hautafika."

"Utafika."

"Walter, nani nahodha?"

Upepo ukafika. Asubuhi ghuba yote ilikuwa kijani na zambarau, imetulia, inapendeza kwa mtu asiyejua, na chini yake mbuta wao walikuwa wamegeuza matumbo juu, kila mmoja na kamba yake mdomoni. Harufu ilifika hadi njia ya sokoni. Zablon aliwakata kamba mmoja mmoja. Yule mwenye kovu Walter alimkata mwenyewe. Na Monari aliposhuka kwenye lori alitangaza kwamba kipimo hakikupanda. Kimeshuka, chini kuliko siku zote.

Watu wa boti nyingine walikuja kutazama hasara. Mmoja akauliza, "Nani alikuwa anawachunga?" Mwingine akajibu, "Si huyo kijana wa Rongo." Joash aliwasikia vizuri. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, na lilikuwa jambo la maneno mawili kusema: mimi nilimkataza. Akayameza. Alijiambia atayasema baadaye, watu wakiwa wamepoa.

Mchana huo, watu walipokwenda kula, alirudi botini peke yake. Alilichukua kasia la mvule alilolichonga mwenyewe, akalishindilia mchangani, mpini chini, bapa juu. Alijiona anafuata desturi, tena desturi ya heshima, isiyodai maneno. Kisha akajificha nyuma ya banda la nyavu kama mwizi wa kuku.

Walter alikuja, akaliona. Akageuza kichwa kutazama huku na huku, si kwa hasira, alikuwa kama anatafuta mtu wa kumuuliza. Halafu akalitia begani, akapanda njia ya juu, na watu waliokuwa wanatengeneza nyavu wakainamisha macho. Sasa ufuo wote ukawa na uhakika. Kama si yeye aliyewaua wale samaki, mbona kasia lake limesimamishwa na shemeji yake mwenyewe?

Liz alipata habari kabla Joash hajafika nyumbani. Hakupiga kelele. Alimtengea ugali na mboga, akamwekea maji ya kunawa, akakaa upande mwingine wa moto. Kesho yake vivyo hivyo. Alimfulia, alimpikia, alimnyooshea shati la kanisani, na hakumwambia hata neno moja. Joash angependa kutukanwa. Mara mbili tatu alifungua mdomo aeleze habari ya upepo na ya yale aliyoyasema siku ile, lakini alipoona uso wa mkewe akaufunga tena mdomo wake.

Siku zikapita hivyo, wakivua watatu, wakiuza kidogo. Ikafika jioni moja Monari akashuka kwenye lori akiruka kama mtoto. Ulaya imefungua mlango! Kuanzia keshokutwa kiwanda kinachukua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, malori mawili kwa siku, wavue hadi wachoke. Ufuo ulilipuka kwa vigelegele. Nicanor alimbeba Monari mabegani, na kofia ile ikaanguka majini.

Joash hakushangilia. Alisikia joto likimpanda kifuani, na lilikuwa hasira tupu. Wangesubiri kidogo tu! Si wao, yeye. Angesubiri kidogo tu, Walter angekuwa hapa. Akakimbia nyumbani.

"Kipimo kimeondolewa," akamwambia Liz mlangoni. "Naenda kumchukua."

Liz akamtazama. "Usirudi bila yeye," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu siku ile.

Alimwachia Zablon ujumbe kwamba atarudi kesho jioni, kabla ya siku ya kwanza ya malori mawili, na akaondoka alfajiri. Alihesabu bila barabara. Mvua zilikuwa zimeila barabara ile hadi ikabaki mifupa. Lori la makaa alilodandia lilizama kwenye tope kabla ya Homa Bay, wakalisukuma, likazama tena. Alilala Homa Bay kwenye veranda ya duka, akafika Rongo siku ambayo alipaswa kuwa majini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema: tumekuwa wanne tena. Hakupanga lingine.

Mama mkwe alimpokea kwa adabu, kutoka mbali, kama ilivyo kwa mkwe. Aliletewa kiti chini ya ukingo wa paa, na maji. Walter alikuwa shambani, akaitwa. Alikuja akifuta jasho, jembe begani. Amekonda kidogo, lakini macho yametulia. Joash alisimama.

"Walter, omera, ndugu yangu! Kipimo kimekwisha. Wanachukua zote. Njoo na kasia lako, tumekuwa wanne tena."

Walter alilishusha jembe, akaliegemeza ukutani, na hapo ndipo Joash akautambua mpini wake. Mti ule wa mvule, ule mkunjo mdogo karibu na mwisho alioukwangua kwa kipande cha chupa siku nzima ili usimchubue kijana. Mtungi wa maji uliokuwa karibu na mlango ulikuwa umefunikwa kwa bapa lake.

"Ulilikata," Joash akasema.

"Ulikuwa mti mzuri," Walter akasema. "Mama alikuwa hana mpini."

"Nitakuchongea jingine. Hata leo."

"Shemeji, kaa." Walter mwenyewe akachuchumaa. "Mimi sina hasira na kipimo. Najua boti ilikuwa haitoshi. Ungeniambia, Walter, rudi nyumbani kwanza, hali ni mbaya, ningebeba kasia langu nikaondoka na ningekushukuru. Lakini bichi nzima inasema niliua samaki wa watu. Dada yangu anapita sokoni wanamwonyesha vidole. Wewe ulikuwa unajua ni nani alisema waache. Kwa nini hukusema?"

"Desturi yetu..."

"Desturi inasema usimtukane mtu. Haisemi umwache abebe mzigo wako."

Joash alitazama vidole vyake. "Nitasema. Tukirudi nitasema mbele ya wote."

"Enda useme kwanza," Walter akamwambia, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango. "Ukishasema, nitasikia hata huku. Kurudi, hapana. Kesho watu wa Ulaya watakasirika tena, na mimi nitaamka nikute kasia langu limesimama. Huku nikipanda mahindi, mahindi hayaniambii leo nusu."

Mama mkwe alileta ugali. Joash alikula kwa aibu, akaaga, akaondoka. Kurudi kulikuwa kubaya vilevile, na alipoteremka njia ya ufuoni kesho yake jua lilikuwa limekwisha panda. Malori mawili yalikuwa pale kweli. Mbuta walikuwa wametandazwa kwenye maturubai, wengi kuliko alivyoona mwaka mzima. Njia nzima alikuwa ameshikilia jambo moja: atawaita wote, atasimama juu ya jiwe la kuoshea, atasema mimi ndiye niliyesema waache. Alikuwa hata amefungua mdomo.

Ndipo akaliona kasia lake. Lilikuwa limesimama mchangani peke yake, mpini chini, bapa juu, na kivuli chake kimelala hadi kwenye maji.

Nyar Suba haikuwa mbali. Ilikuwa inasukumwa kuingia ziwani kwa safari ya pili. Zablon alikuwa usukanini, Nicanor mbele, na kati yao vijana wawili wa boti nyingine. Joash alielewa mara moja. Siku kiwanda kiliposema leteni zote, boti ya Mama Helen haikuwa na nahodha, na Mama Helen hakuwa na muda wa kungoja, usukani akampa Zablon.

"Zablon!" akapiga kelele. "Zablon, niambie kwa mdomo wako! Barabara ilikatika! Niambie tu!"

Zablon aliinamisha macho kwenye kamba za tanga. Nicanor alifungua kinywa, akatazama kasia mchangani, akakifunga. Walikuwa wakifanya heshima. Boti ikaelea, wakapanda, wakapiga makasia, na watu wa ufuo, ambao Joash alikuwa amewaandalia maneno yake, wote kwa pamoja wakawa na nyavu za kushona. Hakuna hata uso mmoja wa kuuambia. Alisimama pale akitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumuuliza, na akakumbuka ni wapi alikuwa ameona mtu akigeuza kichwa hivyo.

Akalitia kasia begani. Lilikuwa zito kuliko siku zote. Njia ya juu ilipita karibu na lori, na Monari, ambaye alikuwa mtu wa Kisii na miezi yote hiyo hakuwahi kuinua macho kwenye mizani ajue desturi ya mtu, alimwona akafurahi.

"Nahodha! Wewe umepotea wapi? Leo ni zote, hakuna kipimo! Mbona hauko kwa maji?"

Alikuwa mtu pekee aliyemsemesha. Joash alisimama mbele yake, na hasira yote aliyomwekea tangu mwanzo wa mwaka hakuipata tena.

"Wale samaki waliokufa kwenye magugu," akamwambia. "Walter aliniambia tuwatoe. Mimi nilikataa."

Monari alimtazama bila kuelewa, mkono mmoja ukiwa kwenye ndoano ya mizani. "Hiyo ni ya zamani, nahodha. Wewe leta samaki. Kama si leo, kuja kesho."

"Kesho mtachukua zote?"

"Kesho sijui," Monari akasema. "Kesho wanaweza kubadilisha."

Joash akapanda njia kuelekea nyumbani, ambako Liz alikuwa akimsubiri arudi pamoja na Walter.